Chumvi Unaionja, Risasi Huionji

Bwana Afya anajibu maswali ya wasomaji

Jamani meseji zimejaa. Toleo lililopita niliandika vistari viwili tu kuhusu koki za shaba na madini ya risasi kwenye maji ya kunywa, nikaendelea zangu na habari za nzi na vyoo nikajua yamekwisha, kumbe nimechokoza nyuki. Kuanzia Kibaigwa mpaka Manyoni watu wanauliza risasi imefikaje kwenye ndoo. Mmoja akadhani naongelea risasi ya bunduki, na wala hajakosea sana, jina ni lilelile kwa sababu madini ni yaleyale: kile kitu laini cha kijivu, kizito kuliko kinavyoonekana, kinachokaa kwenye betri ya gari, kwenye uzito wa nyavu na kwenye waya wa kulehemu redio. Leo ukurasa mzima ni huo, wa nzi mtanisamehe.

SWALI: Shikamoo Bwana Afya. Mimi nipo Kibaigwa, tumevuta maji ndani mwaka jana, bomba la chuma toka barabarani mpaka uani alafu koki ya shaba. Nina watoto watatu, mdogo ana miezi minane. Maji ya kunywa nachemsha yanatokota kabisa alafu nachuja na kitambaa cheupe. Si inatosha? (Mama Watatu, Kibaigwa)

JIBU: Marahaba mama. Kwa wadudu inatosha, hongera sana. Kwa risasi hapana. Kuchemsha kunaua, sasa risasi haina roho ya kutolewa, imeyeyuka mle ndani kama chumvi ilivyoyeyuka, na wewe mtu wa huku kwetu ulishaona wapi maji ya chumvi yakachemshwa yakawa matamu? Yanazidi kuwa makali, maana mvuke unaondoka, chumvi inabaki sufuriani. Risasi ni hivyohivyo. Na kitambaa chako kinashika takataka, hakishiki kilichoyeyuka.

Ila nakuomba sana, tena nakuomba kwa herufi kubwa kama ningekuwa naruhusiwa, USIACHE KUCHEMSHA. Kuna mama mmoja alinipigia kasema kama kuchemsha hakutoi risasi basi napoteza mkaa wangu bure. Hapana mama. Kipindupindu kilichoanza Agosti 2015 Dar kikasambaa nchi nzima hakikuwa na subira, mtu anaharisha asubuhi jioni hayupo. Risasi inaua polepole na mara nyingi haiui kabisa, inapunguza akili ya mtoto kidogokidogo bila mtu kujua. Vyote vibaya, lakini kama una mkaa wa kazi moja tu leo, chemsha.

Sasa inaingiaje. Mara nyingi haitoki kisimani, wengi mnalaumu kisima bure. Maji yanaipata njiani, na hasa zile mita za mwisho, yani mali yako mwenyewe. Shaba ya koki huchanganywa na risasi kidogo ili iwe rahisi kuchongwa mashineni. Bomba la chuma lile linalong'aa limepakwa zinki, na zinki hiyo huwa na risasi kama uchafu. Viungo vilivyolehemewa ndo kabisa. Maji yakikimbia yanapita hayana muda wa kuokota kitu, yakilala bombani usiku kucha yanaanza kulamba chuma taratibu, kwahiyo lile kombe la kwanza la alfajiri ambalo wewe unalikinga kwa ajili ya uji wa mtoto ndo lenye risasi nyingi kuliko yote ya siku nzima.

Fanya hivi. Asubuhi fungua koki maji yatoke dakika moja au mbili mpaka uhisi yamekuwa ya baridi zaidi, ndo ukinge ya kunywa na kupikia. Najua nimemwambia mtu wa Dodoma amwage maji, hapo nimeshatukana, lakini sijasema umwage, weka ndoo. Ya ndoo hiyo unadekia, unafulia, unamwagia choo. Maji ya mtoto kinga mengi kwa mara moja baada ya hapo, weka kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, utatumia siku nzima. Alafu kile kichujio kidogo cha waya kwenye mdomo wa koki, kama inacho, kifungue ukioshe mara mojamoja, vipande vya chuma hukwama pale vikakaa vinayeyuka.

SWALI: Hivi kama ni kweli mbona Marekani wana mitambo na pesa na bado watu walinyweshwa risasi? Si ina maana sisi na visima vyetu tuko salama zaidi? (Mwanafunzi, Dodoma mjini)

JIBU: Swali zuri, na umeligusa lenyewe. Unaongelea Flint, mji uliokuwa na watu kama laki moja hivi jimbo la Michigan. Pale mwanzoni walikuwa wanaletewa maji ya Detroit, yanatoka ziwa Huron. Aprili 2014 ili kubana matumizi wakahamia maji ya mto wao wenyewe, mto Flint, ambayo yalikuwa yanakula chuma zaidi, alafu hawakuweka dawa ile ya kuzuia maji yasile mabomba. Mabomba ya risasi yalikuwepo chini ya ardhi miaka mingi bila shida kubwa kwa sababu yalishajijengea ukoko ndani, maji mapya yakaubandua ule ukoko. Watu wanalalamika maji yananuka, yana rangi, wanaambiwa yako sawa. Kumbuka hapo hakuna bomba jipya lililotandikwa, kilichobadilika ni maji.

Sasa njoo kwetu. Mabomba ya risasi yenyewe kabisa kama yale huku ni nadra, hilo ni kheri. Na maji yetu ya visimani, iwe ya Makutupora yanayonywewa mjini au ya visima vya vijijini, mengi yana chokaa, angalia tu birika lako lilivyojaa ukoko mweupe ndani. Ule ukoko mnaoutukana kila siku unajibandika pia ndani ya bomba na unasaidia kuziba chuma kisiguswe na maji. Nikasema hivyo kwenye kikao kimoja watu wakapiga makofi, nikawaambia subirini. Maana chokaa ni kitu kimoja na chumvi ni kingine. Chumvi inakula chuma, inaozesha viungo, na maji yetu mengi yana vyote viwili, kimoja kinajenga kingine kinabomoa. Kwahiyo kujisifu kwamba tuko salama kwa sababu hatuna mitambo, hapana kijana wangu.

SWALI: Mzee mimi ni fundi bomba Mpwapwa miaka 14, sasa umeanza kunifukuzia wateja. Niambie basi nitumie nini maana kila kitu mnasema kina sumu. (Fundi, Mpwapwa)

JIBU: Pole fundi, hahaha. Poli paipu na PPR, yale mabomba ya plastiki, tumia bila wasiwasi kwa upande huu wa risasi. PVC nyingine zilitengenezwa na risasi ndani kama kiungo cha kuifanya isiharibike kwa joto, kwahiyo nunua yenye alama ya TBS, na usiilaze juani miezi juu ya ardhi, ifukie. Ukimaliza kazi yoyote mpya acha maji yapite kwa muda kabla mwenye nyumba hajaanza kunywa, ila wengi mnafunga koki mnachukua hela mnaondoka. Viungo ziba kwa tredi tepu. Usilehemu kitu chochote cha maji ya kunywa kwa ule waya wa redio, na kama umeshafanya hivo kwa mtu rudi ukatoe. Koki za plastiki ngumu siku hizi zipo na sio mbaya kama zamani. Koki ya shaba ya bei ya kutupwa isiyo na jina la mtengenezaji mimi nyumbani kwangu siiweki, ila sikukatazi ya bomba la kumwagilia bustani.

SWALI: Tunakaa nyumba ya zamani sana Kongwa, wazee wanasema ni ya enzi za Wazungu wa karanga. Mabomba yashakufa tunachota kioski. Rangi ya madirisha inabanduka kama magamba, mjukuu wangu anaokota anakula. Nimemchapa hasikii. (Mwalimu mstaafu, Kongwa)

JIBU: Mwalimu shikamoo, na acha kumchapa mtoto. Mradi wa karanga wa Waingereza ulianza 1947, na rangi za mafuta za miaka ile zilikuwa zinawekwa risasi nyingi makusudi, ili zikauke haraka na zing'ae. Kwahiyo kwa nyumba ya umri huo mimi siulizi, nahesabu kwamba rangi ina risasi mpaka nionyeshwe vinginevyo. Na ajabu yake ni tamu, vipande vya rangi hiyo vina utamuutamu, ndo maana mtoto anarudia. Hapo kwako maji ya kioski sio tatizo hata kidogo, tatizo ni dirisha.

Usikwangue kwa msasa, wala usichome na moto. Vumbi lile ni baya kuliko gamba lenyewe, linatua sakafuni, mtoto anatambaa, mkono unaenda mdomoni. Mwagia maji kwanza, toa yale yanayoning'inia yakiwa mabichi, kusanya kwenye mfuko, watoto wasiwepo, alafu paka rangi mpya juu yake ifunike. Sakafu na kingo za dirisha futa kwa kitambaa chenye maji, usifagie kavu. Udongo wa chini ya madirisha umeshadondokewa na rangi miaka sabini, panda majani au mwaga kokoto pale, mtoto asichezee. Na mpeleke kituo cha afya ueleze kabisa kwamba anakula rangi, usiseme tu "anaumwa tumbo", maana ukisema tumbo utapewa dawa ya minyoo mrudi nyumbani.

SWALI: Mimi kijana wa Mtera. Mjomba anayeyusha betri mbovu jikoni nyumbani anatengeneza risasi za nyavu, anatumia sufuria ya zamani na jiko la mkaa, alafu ile tindikali anamwaga nyuma ya nyumba karibu na kisima chetu kifupi. Shangazi ana mimba. Nikimwambia anasema baba yake alifanya hivyo na alifika miaka 80. Nifanyeje? (Naomba usitaje jina)

JIBU: Kati ya barua zote hii ndo ilinikosesha usingizi. Wengine wote hapo juu tunaongelea risasi ya kuokoteza kidogokidogo, wewe mnaishi ndani ya kiwanda.

Risasi inayeyuka kwenye nyuzi 327 tu, jiko la mkaa linaiweza kirahisi, ndo maana watu wanaona ni kazi ya nyumbani. Moshi wake unavutwa, vumbi lake linatua kwenye vyombo, kwenye nguo za mjomba, kwenye shuka, kwenye ua. Mtoto anafyonza sehemu kubwa ya risasi anayomeza kuliko mtu mzima, kwahiyo mjomba anaweza kuwa mzima wa afya huku wadogo wanaumia. Mwili unadanganyika nayo, unadhani ni kalsiamu, unaiweka kwenye mifupa inakaa humo miaka na miaka. Alafu mwanamke akishika mimba mwili unaanza kuchukua kalsiamu kwenye mifupa kumjengea mtoto, risasi nayo inatoka pamoja nayo. Shangazi asikae hapo wakati wa kuyeyusha, na nguo za kazi za mjomba asizifue yeye.

Mwambie mjomba habari ya Mombasa. Kule Owino Uhuru kulikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri pembeni ya makazi ya watu, mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, Phyllis Omido, mtoto wake aliyekuwa ananyonya akaugua, akazungushwa na vipimo mpaka wakagundua ni risasi. Akapambana, kiwanda kikafungwa, 2015 akapewa tuzo ya mazingira ya Goldman, na 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe bilioni 1.3 za Kenya. Na Thiaroye-sur-Mer, pale Dakar, ambako watu walikuwa wanachambua udongo wenye mabaki ya betri kwa mikono, watoto 18 walikufa ndani ya miezi michache, 2007 kuelekea 2008. Zamfara Nigeria 2010 ilikuwa wachimbaji wa dhahabu wanasaga mawe yenye risasi nyumbani, walikufa watoto mamia. Baba yake mjomba kufika 80 sibishi, wapo, lakini muulize watoto wa huyo babu wangapi walizaliwa na wangapi walifika shule.

Cha kufanya: hiyo kazi itoke nyumbani, leo, sio baada ya msimu. Hata kumwambia auze betri nzima nzima kwa wanunuzi wa skrepa wenye kibali bila kuipasua ni afadhali mara mia. Kama hataki kuacha uzito wa nyavu, zipo nyavu zinazofungwa mawe au vipande vya saruji, babu zetu walivua kwa mawe. Ile sufuria isirudi kupika kitu, itobolewe kabisa maana najua shangazi mwingine ataikuta akaona bado nzuri. Kisima kile acheni kunywa mpaka kipimwe. Nenda kwa afisa afya wa kata, huhitaji kumshtaki mtu, sema tu unataka kisima kipimwe kwa sababu pamemwagwa maji ya betri.

SWALI: Maji ya mvua si ndo masafi kuliko yote? Yanatoka kwa Mungu moja kwa moja. (Bibi, Kondoa)

JIBU: Shikamoo bibi. Yanatoka kwa Mungu ila yanapita kwenye bati lako. Na kwa sababu hayana chokaa yoyote yana njaa, yani maji laini yana ukalikali kidogo kama ndimu iliyozimuliwa, yanalamba chuma kuliko maji ya kisima. Bati lililopakwa rangi ya zamani, misumari yenye vifuniko vya risasi, mfereji uliolehemewa, yote yanaachia. Mvua ya kwanza ya Desemba iache ioshe bati, usiikinge ya kunywa, subiri ya pili au ya tatu. Simtanki ya plastiki ni nzuri. Pipa lililokaa mafuta au tindikali hapana, hata ulioshe na jivu mara saba. Ukifanya hayo maji ya mvua mazuri sana bibi, mie mwenyewe napikia chai, majani yanatoa rangi kweli, sio kama ya kisima.

Hapohapo niseme la masufuria, maana watu watano wameuliza. Yale mazito yanayosubuliwa mtaani kutokana na skrepa, hakuna anayejua nini kiliingia kwenye kile chungu cha kuyeyushia, injini, redieta, kila kitu. Yakapimwa sehemu mbalimbali za Afrika yakakutwa yanaachia risasi kwenye chakula, hasa chakula kichachu. Maji kidogo ya ugali sio sana, ila ukwaju, juisi ya ubuyu, nyanya, togwa, usivilaze humo. Tia kwenye plastiki au chupa.

SWALI: Watoto wetu meno yamekuwa ya kahawia, tumeambiwa ni risasi. (Mzazi, Singida)

JIBU: Hapana, hiyo ni floraidi, madini mengine ya kwenye maji, tena Singida mnaijua siku nyingi. Kiwango cha WHO, yani Shirika la Afya Duniani, ni miligramu 1.5 kwa lita na visima vingi vya huko na vya Arusha vinavuka. Nayo haitoki kwa kuchemsha. Inapunguzwa kwa mkaa wa mifupa, kazi hiyo imefanyiwa utafiti miaka mingi kituo cha Ngurdoto, Arusha. Tafuteni chanzo kingine cha maji ya watoto chini ya miaka minane, meno yakishatoka yana madoa hayarudi.

SWALI: Unasema tupime, tupime wapi na kivipi? Mimi nilipeleka chupa ya soda wakaikataa. (Mwenyekiti wa jumuiya ya watumia maji, wilaya ya Bahi)

JIBU: Walikuwa sahihi kuikataa, ilikuwa na sukari. Wizara ya Maji ina maabara ya ubora wa maji Dodoma, pigeni simu kwanza wawape chupa zao, kwa ajili ya metali huwa zinawekwa asidi kidogo. Wengi mnapima wadudu na chumvi tu kwa sababu ndo vipimo vya kawaida, kwahiyo taja kwa mdomo wako: risasi. Kiwango cha juu cha WHO ni mikrogramu 10 kwa lita, kwenye karatasi utaona 0.01 mg/l.

Chukueni mbili. Ya kwanza alfajiri, maji yaliyolala bombani masaa sita au zaidi, lita ile ya kwanza kabisa bila kuyaacha yatoke. Ya pili baada ya kuyaacha dakika kadhaa. Kama ya kwanza iko juu na ya pili iko chini, tatizo ni koki na bomba lenu, mtabadilisha. Kama zote ziko juu hapo ni chanzo, na hapo jumuiya peke yenu hamuwezi, RUWASA, wale wakala wa maji vijijini, waje. Wengi wanapeleka ya pili peke yake kwa sababu wanataka yaonekane masafi, alafu wanatubandikia cheti ofisini.

Kuhusu damu ya mtoto: kipimo kipo ila hakiko kila hospitali, dokta ataandika rufaa. Kikisoma mikrogramu 5 kwa desilita au zaidi WHO inasema chanzo kitafutwe kiondolewe, na kabla ya hapo pia hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Dalili hazisemi wazi, tumbo kuuma, choo kugoma, damu kupungua, mtoto mzito darasani, mambo ambayo huku tunayaita malaria na utundu. Mtoto mwenye upungufu wa chuma na kalsiamu anafyonza risasi zaidi, kwahiyo dagaa wa kuliwa na mifupa yake, maziwa, mlenda, maharage, asiende na tumbo tupu shuleni. Wajawazito na pemba yenu, ule udongo wa kutafuna, nao una risasi, na wanja wa kupaka vichanga usoni ule wa kusaga upo uliotengenezwa kwa jiwe la risasi lenyewe. Najua mama mkwe atanuna.

SWALI: Mwanangu wa darasa la pili anatafuna kalamu ya risasi kila siku, nimeogopa nikamnyang'anya zote. (Baba, Chamwino)

JIBU: Mrudishie. Ile nyeusi ya ndani ni grafaiti na udongo, jina tu ndo risasi, wazee walifananisha rangi. Kama kuna cha kuogopa ni ile rangi ya nje ya zile za bei chee zisizo na jina. Zaidi ya hapo atakosa tu cha kuandikia mtihani wa Ijumaa.